Joho la stelingi na upepo wa Kiborloni

Wiki hii barua nyingi zimekuja za mashujaa wa vibonzo, nimechagua tatu. Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni fundi nguo hapa Moshi, nimewashonea vijana wa video za mtaani zaidi ya miaka 15, na maswali ya picha nayajibu nikiwa na futi shingoni.

SWALI: Shikamoo mama. Nachora vibonzo tangu darasa la tano. Nina stelingi wangu anaruka kutoka Kibo mpaka Mawenzi kwa pumzi moja, ana nguo ya kijani na joho jekundu. Mimi na wenzangu tukataka kumtolea filamu ya watu halisi. Tumemvalisha rafiki yetu, kila aliyemwona kacheka. Kwenye karatasi anatisha! Tumekosea wapi?
Mchoraji, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Karatasi ndiyo iliyowadanganya. Ulipomchora hukumvika nguo. Ulichora mwili, kifua na tumbo lenye vipande, kisha ukaupaka kijani. Hebu chukua mchoro wako umtazame kwapani. Kuna mkunjo? Kuna mshono? Zipu iko wapi, na akibanwa na haja anaanzia wapi kuvua? Mimi ukinipa kitambaa hicho nikikate, kitakunjamana magotini upende usipende.

Haya nayajua kwa aibu. Kuna vijana waliwahi kuniletea mchoro kama wako, nikawashonea joho la satini nyekundu, jepesi, zuri hata mimi nililitamani. Wakapanda nalo juu ya ghorofa moja Kiborloni, jioni, upepo wa mlimani umeshaanza kushuka. Mara ya kwanza joho likamganda miguuni kama kanga iliyolowa. Mara ya pili likapanda likamfunika uso mzima, na adui kasimama mbele yake anasubiri apate kupigwa. Nikarudi nalo nyumbani, nikafumua pindo, nikapitisha mnyororo mwembamba wa chuma na kutia bitana nzito. Kesho yake likatulia. Mchoraji joho analipeperusha kwa wino, upande autakao. Mimi nina upepo wa Mungu.

Na wenye fedha zao yaliwakuta. Superman alianza kwenye karatasi mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Filamu ya Richard Donner ilipotoka 1978 aliyevaa nguo ile alikuwa Christopher Reeve, mrefu lakini mwembamba. Walitaka kumtilia misuli ya bandia ndani ya nguo, akakataa, akaenda kunyanyua vyuma akifundishwa na David Prowse, yule bwana aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader, adui wa filamu za Star Wars. Ndiyo maana nguo ile imemlala mwilini.

Batman wa 1989 alipita njia nyingine. Michael Keaton walimvika mpira mweusi uliochongwa kifua. Anatisha kweli, ila shingo haigeuki. Mwangalie vizuri: akitaka kuona pembeni anageuza mabega yote, kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Ikafika mpaka The Dark Knight ya 2008, ambamo Batman mwenyewe, ndani ya hadithi, anaomba nguo mpya atakayoweza kugeuzia kichwa. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Mteja amerudi kwa fundi!

Sasa hiyo kijani yako. Vibonzo vya Marekani vilipigwa chapa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi ya bei ya chini, ndiyo maana mashujaa wake wanawaka hivyo. Hulk, lile jitu la misuli, katika toleo la kwanza, 1962, alikuwa wa kijivu. Wachapaji wakashindwa kukishika kijivu kile, ukurasa huu kimekolea, ule kimepauka, basi toleo la pili akawa kijani. Kwa hiyo rangi si msahafu. Na kama mnataka kumpiga picha mbele ya kitambaa cha kijani ili kompyuta ikifute iweke mlima, itamfuta na stelingi wenu, kibaki kichwa na joho vinaelea. Waliotengeneza Spider-Man ya 2002 lilikuwa mbele yao hilohilo, maana mmoja ana bluu na adui yake, Green Goblin, ni kijani. Wakampiga mmoja mbele ya kijani na mwenzake mbele ya bluu, kisha wakawaunganisha. Wewe nunua shuka la bluu soko la Memorial, la mtumba linatosha, ila lipige pasi. Mikunjo nayo inaonekana.

Halafu acha kumshonea stelingi, mshonee rafiki yako. Mpime. Kitambaa kiwe kizito kisichong'aa, zipu ipite mgongoni chini ya joho, magotini kikatwe vipande viwili. Sponji ya godoro weka mabegani tu. Chupi juu ya suruali ni hiari yenu; Superman wa 2013 waliivua, wa 2025 wakamrudishia. Na maneno punguzeni. Kwenye kibonzo anarusha ngumi moja huku anatoa hotuba, maneno yametulia kwenye kiputo. Ngumi ya kweli inaisha kabla hajamaliza kusema "wewe".

SWALI: Dada, mimi na mume wangu tumenuniana tangu Jumapili. Mimi nasema utando wa Spider-Man unatoka mwilini mwake, yeye anasema ni mashine. Nani mkweli?
Mama wawili, Sakina, Arusha

JIBU: Mpikie chakula, wote mko sahihi. Kwenye kibonzo cha 1962, cha Stan Lee na Steve Ditko, mtoto wa shule anajitengenezea kidude cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Sam Raimi katika filamu ya 2002 akautoa utando mwilini. Ya 2012 ikarudisha kidude. Mimi niko na mume wako, samahani. Kidude kinaweza kuishiwa dawa kijana akiwa katikati ya maghorofa, kama mtungi wa gesi unavyokata maharage hayajaiva. Hapo ndipo picha inapokuwa tamu.

SWALI: Habari za kazi, dada. Mimi ni dereva wa watalii. Juzi wageni waliniuliza Wakanda, ile nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther, ingekuwa upande gani wa Serengeti, na lugha ile ya kwenye filamu kama ni Kimaasai. Nikabaki kukazana na usukani.
Dereva, Arusha

JIBU: Salama, kaka. Lugha ile ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Ilianza kusikika katika filamu ya 2016, Captain America: Civil War, ambayo John Kani aliigiza mfalme mzee wa Wakanda. Yeye Kixhosa ni lugha yake. Black Panther, shujaa na mfalme wa Wakanda, kwenye karatasi ni wa 1966, wa Stan Lee na Jack Kirby, na karatasi haina lafudhi, kila msomaji anamsikia kwa sauti anayoitaka. Filamu haina ujanja huo, lazima ichague. Chadwick Boseman, aliyemwigiza Black Panther, alishikilia kwamba mfalme azungumze kama Mwafrika.

Nchi yenyewe sehemu kubwa ilipigiwa picha Atlanta, Marekani. Lakini usiwaache wageni mikono mitupu. Wale walinzi wanawake wa mfalme, wekundu ule na shanga zile aliyewavika, Ruth E. Carter, alitazama Wamaasai, na kwa kazi ya filamu ya Black Panther ya 2018 akapata Oscar mwaka 2019. Wapitishe kwa mama zetu wanaouza shanga hapo mjini.

Na shujaa wa Serengeti yupo. Ororo wa vibonzo vya X-Men, anayeitwa Storm, alichorwa na Dave Cockrum kwa hadithi ya Len Wein mwaka 1975. Mama yake Mkenya, akakua yatima Cairo, akatembea mpaka Serengeti na huko akawa wa kuleta mvua. Wakenya watamdai kwa mama, sisi tutamdai kwa mbuga.

Mchoraji wa Pasua, kama bado unasoma: joho la huyo Ororo wa 1975 limeshikizwa kwenye vifundo vya mikono. Halimpandi usoni. Njoo nalo hilo Jumamosi, na huyo rafiki yako aje nimpime.