Barua kwa mwanangu: kuhusu yule chatu

Moshi, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilimwita mama yako tukausikiliza wote wawili. Umesema mwenzako wa kazini amempata chatu mdogo, urefu kama mita moja, ambaye wachimba mchanga walimkuta mtoni, na sasa yuko kwake kwenye ndoo yenye kifuniko. Anataka kukupa wewe kwa kuwa anajua unavyopenda nyoka. Umesema hana sumu, anakula panya mmoja kwa wiki, ametulia mkononi kama mkanda, na kile chumba cha uani huko kwako Njiro, Arusha, kipo tu, hakina kazi. Kisha ukauliza, "Baba, nimchukue?"

Usimchukue, mwanangu. Ningeweza kukuambia hivyo kwa simu, lakini ungefikiri ni woga wa mzee, nawe ukakata simu ukiwa umenyamaza kama unavyonyamaza. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ulikuwa darasa la tatu pale majirani walipomkuta chatu kwenye shamba letu la mahindi, kule chini tambarare. Walimkatakata kwa mapanga. Ulilia mpaka ukashindwa kula usiku ule. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na jembe mkononi, sikuwazuia, wala wewe sikukueleza kitu. Nilikwambia tu, "Nyamaza, ni nyoka." Neno hilo nimelijutia miaka mingi. Nilijua hata wakati ule kwamba yule chatu hakuwa amemdhuru mtu, na kwamba panya waliokuwa wakimaliza mahindi yetu ghalani ndicho chakula chake. Leo umeniuliza tena habari za nyoka, na safari hii nataka nikujibu sawasawa.

Unajua nilifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kabla hujazaliwa. Miwa huchomwa moto kwanza ndipo ikatwe, na asubuhi baada ya moto tulikuwa tukiwakuta chatu kando ya mifereji, wengine wamejikunja majini wameacha pua tu. Humo ndimo nilimojifunza kuwaheshimu. Mara moja nilimwona jike kwenye mdomo wa shimo la zamani la muhanga, amejizungushia mayai yake. Bwana nyama aliyekuja kutuonya tusipite pale alitueleza kwamba jike hutaga makumi kadhaa ya mayai, kisha huyazunguka kwa muda wa karibu miezi mitatu bila kwenda kuwinda. Hutoka kuota jua, akirudi shimoni anayapa joto la mwili wake. Wakata miwa wale wale ambao kwa kawaida wangemwua walilizunguka shimo lile msimu mzima.

Sasa nikueleze habari ambayo sijawahi kukusimulia. Palikuwa na fundi wa pampu, rafiki yangu, mtu mpole sana. Alimfuga chatu stoo, ndani ya pipa la mafuta lililokatwa. Alianza naye akiwa mdogo kama huyo wa mwenzako. Alimlisha panya, baadaye vifaranga, baadaye kuku wazima. Wakati wa mvua alimwachia atembee stoo awamalize panya wa kwenye magunia. Alimshika kila siku, na kweli chatu alitulia. Sote tulikuwa tukienda kumtazama. Mwaka wa tatu alikuwa amefika kama mita mbili na nusu.

Siku moja fundi alikuwa amechinja kuku kwa ajili ya wageni. Hakunawa vizuri. Akapitia stoo kumwekea maji. Nilisikia sauti moja tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba, na nilipofika chatu alikuwa ameuma kiganja na amezunguka mkono wote hadi begani, mkunjo mwingine unapanda shingoni. Meno ya chatu yameinamia ndani kama ndoano, kwa hiyo alipovuta mkono alijichana mwenyewe. Tulimshika kichwa, haikusaidia. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mkiani! Anzeni mkiani!" Tukaanza kumfungua kutoka mkiani, mkunjo baada ya mkunjo, watu watatu wazima, tukitoka jasho. Ule mkono ulikuwa umebadilika rangi kabisa. Nguvu ile, mwanangu, siwezi kuilinganisha na kitu kingine nilichowahi kukishika.

Chatu yule hakuwa na hasira, wala hakumsaliti bwana wake. Alisikia harufu ya kuku, akahisi joto la damu, akafanya kile anachofanya akikutana na kuku. Kwenye midomo yake ana vishimo vinavyohisi joto, na hivyo vilimwambia kuna kiumbe chenye damu ya moto mbele yake. Hakuna mahali ndani yake palipoandikwa "huyu ni yule anayenilisha." Mbwa wako wa zamani alikujua hatua zako toka barabarani. Chatu anazoea kushikwa, basi. Hilo ndilo ninalotaka uliweke moyoni kuliko yote, kwa sababu wewe ni mtu wa kupenda kwa moyo mzima, na huyu mnyama hana pa kuupokelea upendo huo.

Baada ya kumfungua, watu walimpiga chatu kwa vyuma mpaka akafa. Fundi alikuwa amekaa chini, kiganja kimefungwa shuka, analia. Hakulilia mkono. Wewe ulikuwa hujazaliwa bado; lakini siku ile ya mahindi ulipolia, nilimkumbuka yeye.

Zamani tuliamini chatu huua kwa kumnyima windo pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliofanywa kwa boa, jamaa yake wa Amerika, ulionyesha kwamba mkazo ule huzuia mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache tu. Kwa hiyo usije ukajipa moyo kwamba utapata nafasi ya kuita mtu.

Najua unachokitazama kwenye simu: Mzungu amekaa kwenye kochi, nyoka amejizungusha shingoni, watoto wanacheka. Mara nyingi yule ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, ambaye akikua sana hufika kama mita moja na nusu, na akiogopa hujikunja kama mpira. Huyu wa kwetu ni mwingine. Huyu huanguliwa akiwa na nusu mita na kidogo, kisha anapita mita tatu, wengine hufika nne, wapo wa tano, na uzito wake unaweza kupita kilo hamsini. Anaweza kuishi miaka zaidi ya ishirini. Panya mmoja kwa wiki ni chakula cha mwaka huu tu. Baadaye utatafuta sungura, na baadaye tena utatafuta kikubwa kuliko sungura. Na wafugaji wenye uzoefu wana kawaida kwamba nyoka akishapita mita tatu hashikwi na mtu mmoja. Nani atakuwa wa pili nyumbani kwako? Mkwe wangu? Umemuuliza? Katika ujumbe wako wote hukumtaja hata mara moja.

Uingereza, mwaka 2017, kijana wa miaka 31 aliyefuga nyoka kwa miaka mingi alikutwa amekufa chumbani kwake, na chatu wake wa Afrika alikuwa nje ya tangi. Chatu huyo alikuwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi, kama yule wa fundi. Na Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika alitoroka kwenye tangi lake ndani ya nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama, akapita kwenye njia ya hewa darini, akaangukia chumba walimolala watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka minne, mwingine wa sita. Walikufa wote wawili. Nimefikiri sana kama nikuandikie hili. Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu na analala dirisha wazi, chumba cha pili kutoka uani.

Kuna na baridi. Chatu ni wa tambarare, wa joto. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wewe mwenyewe Julai unalala na sweta. Bila joto la kutosha chakula hakisagiki, kinamwozea tumboni, anatapika, anapata homa ya mapafu. Utaweka taa, umeme utakatika. Yeye ndiye atakayeumia, tena kimyakimya, maana nyoka halii.

Halafu sheria. Hapa sitaki ubishi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba yetu. Nyara kwa maana ya sheria hiyo ni pamoja na mnyama mwenyewe, awe hai au mfu. Vibali vya kufuga vipo, lakini hutolewa kwa masharti, na huyu ametolewa mtoni akatiwa ndoo bila karatasi yoyote. Umesikia watu wanavyopandishwa kizimbani kwa ngozi ya chatu tu. Wewe ni dereva wa watalii. Mkate wa nyumba yako unatokana na wanyama kuwa porini mwao. Kesi ya nyara za Serikali juu ya jina lako itafunga mlango huo, na sidhani kama utafunguka tena.

Wengine watakuambia ukimchoka utamwachia tu. Florida huko Marekani walifanya hivyo na chatu wa Burma, wengine wakatoroka wenyewe, na leo wamejaa kwenye kinamasi cha Everglades wakiwamaliza wanyama wa pale. Wa kwetu ni wa hapahapa, sawa, lakini aliyelelewa miaka mitano kwenye kioo akiachiwa Njiro hataenda porini. Ataenda kwenye banda la kuku la jirani, na jirani ana panga.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi mpigie mwenzako, mwambie asimlishe, asimwonyeshe watu, na ndoo iwe na matundu ya hewa, kivulini. Kisha apige simu TAWA, mamlaka ya Serikali ya wanyamapori, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya aeleze alivyompata, waje wamchukue wao. Msimbebe kwenye gari lako, hata kwa nia njema. Akiogopa kupiga, pigeni pamoja. Bado ni mdogo na ametoka mtoni juzi tu. Wakimrudisha mapema ana nafasi nzuri ya kuishi.

Na kama unataka nyoka maishani mwako, nami sitaki uache kuwapenda, unakumbuka nilivyokupeleka kwenye bustani ya nyoka ya Meserani ukiwa kidato cha pili, ukakataa kuondoka kwenye kioo cha swila mpaka wakafunga? Nenda tena. Ongea na wale wanaowatunza, waulize wanahitaji nini. Jifunze kuwahamisha nyoka kwenye nyumba za watu bila kuwaua, kwa kufundishwa na anayejua na kwa ruhusa. Siku ile shambani tungekuwa na mtu mmoja wa namna hiyo, yule chatu angeishi.

Jumamosi ninakuja na basi la saa kumi na mbili. Mama yako ananipa ndizi na mlonge wa mtoto. Kama watakuwa hawajamchukua bado, tutakwenda wote kwa mwenzako tuwasubiri. Ningependa nimwone kabla hajaondoka, nikiwa nimesimama na wewe.

Baba yako