Damu ya usiku

Kazi yangu ya kwanza ya utafiti vijijini ilikuwa ya matende na mabusha, pwani ya Tanga. Damu ya kupimia ugonjwa huu kwa darubini huchukuliwa usiku, kuanzia saa nne hivi, maana mchana vimelea vyake, minyoo midogo sana, hujificha kwenye mishipa ya mapafu, na usiku, mbu wanapouma, ndipo hutoka. (Patrick Manson, daktari Mskoti aliyegundua mwaka 1877 huko China kwamba mbu huvinyonya vimelea hivi, aliwaachia mbu wamuume mtunza bustani wake. Leo kamati ya maadili ingemrudishia andiko lake.)

Sisi tuliyajua hayo. Wanakijiji waliona gari geni lenye taa kali limeingia baada ya isha, watu wanashuka na masanduku, wanataka damu. Pwani jambo hilo lina jina tangu enzi za mkoloni: mumiani, wanyonya damu. Usiku wa kwanza tulipata watu wanne, wawili wao wajumbe wa serikali ya kijiji.

Na vibali tulikuwa navyo vyote. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wamepitisha, mkoa na wilaya wameandika barua, mtendaji wa kata kagonga muhuri. Mihuri hiyo inakufikisha kwa mwenyekiti wa kijiji, basi. Ridhaa ya watu unaitafuta mwenyewe, kwa miguu, mchana, bila masanduku.

Aliyetuokoa ni mama muuza vitumbua. "Mwanangu, minyoo si inakaa tumboni? Kidoleni mnatafuta nini?" Fomu yetu ya ridhaa ilikuwa kurasa tatu za Kiswahili cha semina, na hakuna mstari uliomjibu. Kesho yake tukaweka darubini barazani kwa mwenyekiti, pamoja na slaidi ya kufundishia, watu wakapanga foleni kuchungulia. Nikajichoma kidole mbele yao, kwa sababu waliposikia "sampuli ya damu" walifikiria chupa. Mzee mmoja, aliyeamini miaka yote kwamba mabusha huletwa na madafu, alichungulia mara mbili akaondoka kimya. Usiku ule walikuja wengi. Yeye hakuja.

Kwa hiyo, mtafiti mwenzangu, fomu yako msomee muuza vitumbua kabla hujaipeleka kuchapwa.

Kosa jingine lilikuwa langu peke yangu. Binti wa miaka 26, nikamuuliza mzee wa rika la babu yangu kama ana mabusha. Akanijibu: "Shikamoo yako nimeipokea. Swali lako rudi nalo." Maswali hayo yaulizwe na mwanamume mtu mzima, faraghani, na neno la heshima ni "mshipa". Ila mshipa hubeba na ngiri pia, kwa hiyo tabibu lazima apime mwenyewe, asiandike tu alichoambiwa.

Majibu nayo yarudi. Tuliulizwa kila nyumba: "Ya wale wa mwaka juzi yako wapi?" Hawakuwa sisi, lakini deni tulilirithi. Tuliporudi na majibu, waliokutwa na vimelea walipewa ivermectin na albendazole. Dawa hizo huua vimelea vidogo vya kwenye damu, lakini busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa vidonge, linataka upasuaji.

Yule mzee wa madafu alinifuata mpaka kwenye gari, akasubiri wenzangu wapande. "Kupasuliwa ni lini?" Kwenye bajeti yetu hapakuwa na mstari huo. Wewe uandike kabla hujaomba fedha.