Kishikwambi kinajizima katikati ya kurizeti? Tazama kwanza kinafia wapi

Kilikuja na basi kutoka Morogoro, kimeviringishwa kwenye khanga, na dada alikuwa ameshanipigia simu kabla basi halijafika Dar es Salaam: "Mdogo wangu, watoto wamebadilisha patani na hakuna anayeikumbuka. Kifute chote, sina cha kuokoa humo." Mimi na ujuaji wangu nikamwambia hiyo kazi ya dakika kumi.

Nilikaa nacho siku tisa.

Kishikwambi ni neno ambalo wengi wetu tulilizoea wakati wa Sensa ya 2022, makarani walipopita nalo mlangoni. Mtaani tunasema tableti. Mpwa wangu mdogo anaiita "tabu", na kwa siku hizo tisa sikuwa na sababu ya kumsahihisha. (Hiki hakikuwa cha sensa, ni cha kununuliwa dukani, cha bei ya kawaida, kinachotumia Android.)

Kwa kuwa patani, yaani ule mchoro wa kufungulia kioo, haikujulikana, njia ilikuwa kufutia rikavari, ile menyu ya maandishi madogo inayokaa chini ya mfumo wenyewe. Nikazima, nikashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, nembo ilipotokea nikaachia cha kuwashia. Likaja lile roboti lililolala chali na maneno "No command". Hapo wengi hudhani wameshaua kifaa. Hujaua. Shikilia kitufe cha kuwashia, gusa mara moja cha kuongeza sauti, menyu inafunguka. Vitufe hutofautiana kidogo kati ya kifaa na kifaa, na baadhi ya Samsung za miaka ya karibuni hazikuingizi rikavari mpaka uwe umezichomeka kwa waya kwenye kompyuta. Wenye iPad habari yao ni nyingine kabisa: huko kompyuta hurudisha hata mfumo wenyewe, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayawahusu, isipokuwa ya betri.

Nikachagua "Wipe data/factory reset", ndiko kurizeti kwenyewe, nikathibitisha. Mstari mmoja ukaandikika, kioo kikawa cheusi, nembo ikaja. Ikazima. Ikaja tena. Ikazima tena. Nikarudi rikavari, nikafuta upya. Vilevile. Usiku ule nilifuta mara nne, na mara ya nne nilibonyeza kwa hasira, kana kwamba kifaa kitaogopa.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wengi wanaoniletea vifaa vyao huwa wameshakosea kabla hawajafika kwangu. Kurizeti hakukuletei mfumo mpya. Kunafagia chumba unachokaa wewe, yaani programu ulizopakua, picha, akaunti na mipangilio. Kuta na paa, ambavyo ni Android yenyewe, vinabaki vilevile vilivyokuwa. Paa likivuja, kufagia mara nne hakuzuii mvua. Tena kila unaporudia, unakilazimisha kifaa kigonjwa kiandike upya memori yake, na kikizimika katikati ya kuandika, kosa dogo la jana linakuwa kubwa leo.

Kwa hiyo siku ya pili nilianza upya kwa swali jingine: kinafia wapi?

Toa kwanza laini na memori kadi. Vua na kava, hasa yale magumu ya mpira. Halafu ingia rikavari na usichague chochote. Kiache kwenye ile menyu nusu saa, ukikitazama kwa jicho la pembeni. Kama kinajizima humo humo, kila baada ya sekunde chache zinazolingana, shuku kitufe cha kuwashia. Vifaa vingi hujizima kwa nguvu kitufe kikibanwa mfululizo, na kitufe kilichoingia soda au kinachobanwa na kava ni sawa na kidole kisichoachia. Kama kinajizima ovyo, mara dakika mbili, mara saba, hilo ni la umeme. Na kama kinatulia nusu saa nzima halafu kinaanguka pale tu unapokipa kazi, umebaki na washukiwa watatu: betri iliyochoka, mfumo ulioharibika, au memori inayokufa. Changu kilikuwa hivyo. Rikavari kilikaa kama mtoto mwenye adabu. Ukikiambia kifute, kinaanguka.

Anza na umeme, hata kama asilimia zinakuambia vingine. Changu kilionyesha 46, nami nikaziamini, na hilo lilinigharimu siku tatu. Asilimia ni makadirio tu. Betri ya lithiamu iliyojaa husimama kwenye volti 4.2 hivi, na katikati ya safari yake huwa karibu na 3.7. Ikizeeka inafanana na bomba la maji lililojaa kutu ndani: ukifungua koki moja kidogo, maji yanatoka vizuri tu na utasema bomba zima. Fungua koki tatu kwa pamoja uone. Kurizeti na ule uwashaji wa kwanza baada yake ndizo koki tatu: prosesa inakimbia kwa nguvu zote, memori inaandikwa mfululizo, na kioo kinawaka. Volti zinaporomoka ghafla, saketi ya umeme inakata ili kujilinda, kifaa kinazimika. Mzigo ukishaondoka volti zinapanda tena, kinajiwasha, na mzunguko unaanza upya.

Kosa langu la pili lilikuwa chaji. Nilikuwa nimekichomeka kwenye kompyuta ya mezani nikijiambia kiko kwenye umeme. Tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa nusu ampea. Vishikwambi vingi vinataka ampea 2. Soma yale maandishi madogo kama sisimizi yaliyo kwenye kichwa cha chaji: kama hakifiki 5V 2A, huo ni umeme wa simu ya batani. Na waya nao una lake. Waya mwembamba wa kuokota mtaani unakula volti njiani hata kichwa kikiwa kizuri. Zima kifaa kabisa, kichaji saa tatu au nne kwa kichwa na waya wa kuaminika, halafu ufute kikiwa bado kimechomekwa. Cha jirani yangu wa ghorofa ya chini kiliishia hapo hapo, bila fundi, na hadi leo anadhani nilifanya uchawi.

Cha dada hakikuishia hapo. Nikakipeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani. Alikitazama nembo inavyokuja na kuondoka, akasema: "Hiki cha kuflashi, bosi. Elfu thelathini." Kuflashi ni kupakia upya mfumo wenyewe, zile kuta na paa. Hakukifungua, hakupima kitu. Nilikuwa nimeshatoa hela mfukoni nikamuuliza kama amepima betri, akacheka kidogo. Nikarudisha hela.

Wa pili nilimpata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kijana mpole mwenye mita mezani. Kabla ya kukifungua alikigeuza ubavuni, akaniuliza: "Kaka, hiki kioo kimeinuka kona hii tangu lini?" Nilikuwa nimeiona ile kona. Nilikuwa hata nimeibonyeza irudi. Naandika haya kwa aibu: kioo kinachoinuka bila kuanguka mara nyingi ni betri iliyovimba chini yake, na betri iliyovimba haibonyezwi, haichajiwi, haichomolewi kwa bisibisi. Ikitoboka inaweza kuwaka moto mkononi mwako. Ukiona uvimbe, zima, weka mbali na godoro na watoto, peleka kwa mwenye vifaa.

Akakifungua kwa joto na kadi ya plastiki. Betri ilikuwa imejaa kama andazi. Mita ikasoma 3.8 kikiwa kimezimwa, nami nikafikiri mbona nzima. Akakiwasha mita ikiwa bado imeshikishwa. Nembo ilipotokea tu, namba zikashuka hadi 3.1, kikazima. Sekunde zile zilinifundisha kuliko siku zote za nyuma. Betri mpya pamoja na ufundi, sh. 35,000.

Nikakifuta kwa mara ya mwisho pale pale mezani kwake. Kikaenda mpaka mwisho, kikajiwasha, nembo ikaja na kukaa. Dakika tano. Nane. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye kitufe wenyewe, kijana akanishika. Uwashaji wa kwanza baada ya kufuta huchukua dakika kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi kwenye kifaa cha bei nafuu. Jinsi ya kujua kama kinafanya kazi au kinazunguka: ile picha ya pili inayochezacheza ikiendelea kucheza, kiache hata nusu saa. Ikirudi ile nembo ya kwanza iliyosimama tuli, hapo ndipo kimejizima na kuanza upya. Cha dada kilichukua dakika kumi na nne.

Kisha kikauliza akaunti ya Google. Ulinzi huu uliingia na Android 5.1 mwaka 2015: ukifutia rikavari, kifaa kinataka akaunti iliyokuwemo kabla, ili mwizi asifaidi. Ukifutia kwenye mipangilio ya ndani, ambako umeshafungua kwa patani yako, hakiulizi. Dada alikuwa amesahau. Yule mpwa wa "tabu", ambaye ndiye aliyebadilisha patani, alikumbuka anwani ya barua pepe yote pamoja na nenosiri. Basi kabla ya kufuta chochote, andika akaunti kwenye karatasi. Na ukinunua kifaa cha mkononi mwa mtu, muuzaji aiondoe akaunti yake mbele ya macho yako, si kwa ahadi ya simu.

Kuflashi nako kuna wakati wake: betri ikishapimwa ikaonekana nzima, na kifaa bado kinazunguka. Hapo mwambie fundi asome namba kamili ya modeli, na ikiwezekana ya bodi yenyewe. Faili la modeli ya jirani linaweza kukuachia kioo kisichoshika mguso, au picha iliyopinduka juu chini. Na asifute memori nzima kwa pupa, maana IMEI, ile namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao wa simu, inaweza kuondoka nayo, laini ikakataa kusoma.

Ila kuna kifaa kimoja ambacho usitoe hata shilingi kukiflashi. Nilikiona mwezi uliofuata, cha mama mmoja wa mtaani kwetu. Kilikubali kufutwa, kikaandika kuwa kimemaliza, kikawaka, na kila kitu kilikuwepo: picha ya ukutani ileile, patani ileile, picha za harusi ya mwanawe. Hiyo ni chipu ya memori iliyokwisha. Chipu hizi zina kikomo cha mara za kuandikwa, na zikifika mwisho baadhi hubaki kusomeka tu, kila unachofuta kinajirudia. Nyingine hukuonyesha kwenye rikavari mistari ya kushindwa kufungua "/data" au "/cache", ambazo ni sehemu za memori hiyo. Kubadilisha chipu kwenye kifaa cha bei nafuu kunakaribia bei ya kifaa.

Tulichofanya ni kuhamisha picha zote kwenye flashi ya USB maadamu bado zinasomeka. Mama alichukua flashi, kifaa akaniachia. Kipo mezani hapa ninapoandika. Jana nilizifuta zile picha za harusi, nikakizima na kukiwasha, na bibi harusi yuko pale pale anakata keki.