Mota, injini au dinamo?

SWALI: Katika sanduku la vifaa vya marehemu babu nimekuta mashine ndogo nyeusi ya umeme, ina puli upande mmoja na waya mbili zilizokakamaa. Kibati chake kimesuguika, jina la kiwanda halisomeki. Kilichobaki ni VOLTS 110, AMP .5, CYC 25-75, D.C.-A.C. Nikawaandikia mafundi ninaowafahamu: "Naomba mnitambulishie injini kuukuu isiyojulikana, inazunguka mara 25 hadi 75." Mmoja akasema hiyo si injini, ni dinamo. Mwingine akasema ni ya feni. Niiite nini, na sentensi yangu ina kasoro gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Iite mota. Injini hunywa mafuta, mota hula umeme, na dinamo ndiyo inayoutoa huo umeme. Wenye mashine za kusaga hawayachanganyi maneno haya hata siku moja: wa injini anawaza dizeli, wa mota anawaza luku. Dinamo nayo inajulikana na kila aliyewahi kuendesha baiskeli usiku, kile kidude kinachosuguana na tairi ili taa iwake.

Fundi aliyesema dinamo hakukurupuka, lakini. Ukizifungua, mota na dinamo zinafanana kama pacha: koili za waya, amecha (kile kiini kinachozunguka), kaboni (vipande vidogo vinavyosuguana na amecha na kupitisha umeme). Tena zipo mota ndogo zenye sumaku ndani ambazo ukizizungusha kwa mkono zinatoa umeme. Yeye alitazama maumbile, ilhali Kiswahili hapa hutazama kazi. Yako imeandikwa volti na ampea inazohitaji ili izunguke. Hiyo ni mota.

Sasa sentensi. "Mnitambulishie" ina maana ya kujuanishwa, kama mwenyeji anavyomtambulisha mgeni kwa jamaa zake. Ulichotaka ni kusaidiwa kuitambua. "Isiyojulikana" nayo imezidi, kwani walioiunda waliijua vizuri na huenda fundi wa mtaa wa pili anaijua pia. Sema "nisiyoijua."

Kuukuu ndilo neno lililonipa raha. Husemwa juu ya kitu kilichochakaa kwa kutumika: shati kuukuu, mkeka kuukuu. Wahenga waliposema "ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa" waliisifu kamba, ila kwanza walikiri kwamba imechakaa. Mota yako hujaiwasha, hujui kama imechoka au imehifadhiwa tu. "Kongwe" sikushauri, watu hulitumia zaidi kwa mwenye umri au uzoefu mrefu, mwanamuziki mkongwe, chama kikongwe. "Ya kale" inanukia makumbusho. "Ya zamani" inatosha, na haimvunji moyo mnunuzi, ukija kuiuza.

Kosa lililowapoteza mafundi hasa ni "inazunguka mara 25 hadi 75." CYC haihesabu mizunguko ya mota. Inahesabu mara ambazo umeme wa ukutani hugeuza mwelekeo na kurudi ulipoanzia katika sekunde moja, kipimo tunachokiita hezi. Jina la hezi liliingizwa katika vipimo vya kimataifa mwaka 1960, na vibati vingi vya kabla ya hapo, na hata vya miaka kadhaa baadaye, huandika CYC au CYCLES. Umeme wa Tanzania ni hezi 50, wa Marekani 60. Kwa upande wa hezi, mota yako inaridhika na wote wawili. Kwa kuwa neno "mzunguko" tunalitumia kwa mambo yote mawili, aliyekusoma aliona mota inayojikokota, akafikiria feni. Mota ndogo za aina hii huzunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Herufi D.C.-A.C. zinasema inakubali umeme wa betri na wa ukutani pia, jambo la kawaida kwa mota za kaboni. Zidisha volti 110 kwa ampea 0.5, unapata wati 55. Udogo huo, pamoja na puli, unanielekeza kwenye cherehani. Angalia kama ina kishikio chenye tundu refu la skrubu: hapo ndipo ilipofungwa nyuma ya cherehani, mkanda ukakazwa kwa kuisogeza juu au chini. Feni kwa kawaida haihitaji puli, mapanga hukaa kwenye shafti moja kwa moja.

Volti 110 zinakaribiana na za nchi kama Marekani. Tafadhali usiichomeke ukutani Tanga, kwenye volti 230, bila transfoma ya kushusha volti. Itaungua kabla hatujamaliza kubishana jina.

Waandikie hivi: "Naombeni mnisaidie kuitambua mota ndogo ya zamani nisiyoijua. Ina puli, kibati kinasema volti 110, ampea 0.5, hezi 25 hadi 75." Wakikuuliza kama ina kaboni, tafuta vizibo viwili vidogo vya kufungua kwa bisibisi, kimoja kila ubavu.