Neema haipimwi kwa pishi

Wiki hii msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameandika: amefunga siku 3, zaka ametoa, mkesha hakukosa, na bado akizima taa usiku anaogopa kwamba Mungu hajamkubali. Anauliza aongeze nini.

Dada yangu, usiongeze kitu. Kilichoharibika ni kipimo.

Nyinyi wa Pemba pishi, kile kipimo cha karafuu, mnaijua. Mchumaji akishuka mkarafuuni, karafuu zake zinapimwa, na pesa anayopewa si zawadi. Ni jasho lake, asipolipwa anadai. Paulo anaanzia hapo hapo, Warumi 4:4: ujira wa mfanyakazi ni deni, si neema. Mstari wa 5 anageuza: asiyefanya kazi, ila anamwamini Mungu amhesabiaye haki asiye haki, imani yake inahesabiwa kuwa haki.

Chukua penseli. Soma Warumi 3:21 hadi 5:1 kwa mkupuo mmoja, usisimame kwenye vichwa vya sura, na upigie mstari kila "hesabiwa". Hapa Kiswahili chetu kinachanganya kidogo, maana kinafunika maneno mawili ya Kigiriki. Moja ni dikaioo, la mahakamani: hakimu anatangaza kwamba huna hatia. La pili ni logizomai, la daftari: kitu kinaandikwa upande wako. Hili la pili Paulo amelitumia mara 11 katika sura ya 4 peke yake. Hakimu hatangazi kwa sababu umeshakuwa mwema, na mwenye daftari haandiki ulichovuna wewe.

Sasa angalia tarehe za Abrahamu. Alihesabiwa haki katika Mwanzo 15:6. Alitahiriwa sura ya 17, Ishmaeli akiwa na miaka 13, na Ishmaeli huyo katika sura ya 15 hata mimba yake haijatungwa. Kwa hiyo miaka 13 na ushei Abrahamu alikuwa mwenye haki bila alama yoyote mwilini. Madhabahu ya Isaka anayoitaja Yakobo 2:21, anaposema Abrahamu alihesabiwa haki kwa matendo, iko sura ya 22, mbali zaidi. Ndiyo maana Yakobo hagombani na Paulo: anaonyesha tunda la mti uliokwisha pandwa.

Wengi hukwama penye imani yenyewe. Wanaigeuza pishi mpya: nimeamini kiasi gani, nililia vya kutosha? Mtoza ushuru wa Luka 18 hakupima chochote. Alijipiga kifua, akaomba rehema, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Na anayekuuzia chupa ya mafuta ya upako ili Mungu akukubali anakurudisha mizanini, tena kwa bei yake.

Warumi 3:24 inataja ukombozi, neno la kumtoa mtumwa kwa malipo. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, mjini Unguja, limesimama palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Aliyesimamishwa pale kuuzwa hakuwa na mfuko wa kujinunua.

Kama unasali Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki Unguja, usiambiwe hili ni la Waprotestanti tu. Mwaka 1999 huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yoyote yetu.

Kufunga endelea nako. Ila chakula ulichoacha mpelekee jirani mwenye njaa, na siku usizihesabu.