Video ya dakika 47, na kila mtu anauliza "zipu iko wapi?": nilivyojifunza kugawa video sura

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una video za mafunzo za YouTube za dakika 40 hadi saa nzima, watu wanakuuliza kila siku "ile sehemu ya fulani iko dakika ya ngapi?", na hujui kama uzikatekate ziwe video fupi au uziache ndefu uzigawe sura, yaani vipande vyenye majina ambavyo mtazamaji anabofya na kurukia. Tena una hofu kwamba ukiweka sura watu wataruka ruka na muda wa kutazamwa utashuka. Mimi nasema gawa sura, usikate. Kuna hali moja tu ambayo ningekata, nitaifikia. Nafundisha ushonaji, kwa hiyo mifano yangu yote ni ya cherehani, univumilie.

Video yangu ya kwanza kupata watu ilikuwa ya sketi yenye zipu ya kuficha. Dakika 47, kuanzia kupima kiuno hadi kupiga pasi pindo. Nilijivunia sana kwamba sikuacha kitu. Maoni yalipoanza kuja, nusu yake yalikuwa swali moja: "Dada fundi, zipu iko wapi?" Nikawa nawajibu mmoja mmoja, dakika ya 26, dakika ya 26, mpaka siku moja mtazamaji mmoja akachoka kwa niaba yetu sote. Akaandika kwenye maoni orodha nzima: kupima 1:40, kukata 9:05, bandi 18:20, zipu 26:30, na akamalizia "wenye haraka karibuni". Maoni yake yalipata pongezi nyingi kuliko yoyote niliyowahi kuandika mimi mwenyewe. Niliyabandika juu, nikadhani nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza, na hapa ndipo wengi wanakwama. Muda ulioandikwa kwenye maoni unabofyeka, lakini hauigawi video. Ule mstari wa chini ya video unabaki mzima, na jina la sehemu halitokei unapoburuta kidole. Ili YouTube itengeneze sura, ule muda lazima uwe kwenye maelezo ya video yenyewe. Kipengele hiki kilianza rasmi mwaka 2020, na masharti yake ni machache ila hayana mjadala: sura ya kwanza ianze 0:00, ziwe angalau 3, zipangwe kuanzia muda mdogo kwenda mkubwa, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Kila mstari unaandika muda, nafasi, kisha jina. Video ikipita saa moja unaandika 1:02:15 na kadhalika.

Mimi nilikosea masharti mawili kati ya hayo kwa mpigo. Orodha yangu ilianza 0:15 kwa sababu niliona salamu si sehemu ya somo, na mahali fulani nilikuwa na sura mbili zilizopishana sekunde 6. Hakuna ujumbe wa kosa uliokuja, sura hazikutokea tu. Nilihangaika jioni nzima nikidhani simu yangu ndiyo mbovu. Kwa hiyo kama umeandika kila kitu na huoni mgawanyo, kabla ya kulaumu simu angalia ile 0:00 kwanza. Jambo lingine dogo: chaneli yenye onyo la ukiukaji ambalo bado linahesabika haipati sura hata maelezo yakiwa sahihi.

Hayo ya kiufundi yanaisha kwa robo saa. Kazi kubwa ni kuamua mpaka ukae wapi na uitwe nini.

Nilipoanza, nilichukua mpango wangu wa somo nikaugeuza sura. Utangulizi, Vifaa, Hatua ya 1, Hatua ya 2, hadi Hitimisho. Ulipendeza kwenye daftari langu. Lakini mtu ambaye zipu yake imevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya, "Hatua ya 6" inamwambia nini? Hajui hatua zangu. Anajua tatizo lake. Nikarudi kwenye maoni, nikasoma watu wanaulizaje, nikachukua maneno yao. "Hatua ya 6" ikawa "Zipu ikivimba: kufumua na kurudia". "Vifaa" ikawa "Zipu na kiguu cha kununua" (kiguu ni kile kipande cha cherehani kinachokandamiza kitambaa). Kuna sura niliita "Maandalizi", ambayo ndani yake nilikuwa napiga pasi meno ya zipu ili yalale kabla ya kushona. Hakuna aliyekuwa anaifungua. Nilipoiita "Pasi kwenye meno ya zipu (usiruke)" watu wakaanza kunishukuru kwa kitu kilichokuwa pale tangu siku ya kwanza.

Jina liwe fupi, na neno lenye uzito litangulie, kwa sababu kwenye simu maneno ya mwisho yanakatwa. "Jinsi ya kuweza kushona zipu upande wa kushoto" kwenye skrini ndogo inabaki "Jinsi ya kuweza..." na sura tano zote zinafanana. Andika "Zipu, upande wa kushoto" uende zako.

Sasa mpaka wenyewe. Mwanzoni nilikuwa naweka muda pale ninapotaja jambo kwa mdomo. Nilipojaribu kubofya sura zangu kama mgeni, nikagundua kila mara natua katikati ya neno, au natua kwenye sekunde 40 za mimi kutafuta mkasi huku nikiongea. Siku hizi naangalia vitu viwili. Kwanza natafuta pale ambapo mkono unaanza kufanya kitu kipya. Naizima sauti kabisa na kutazama picha peke yake, na mpaka unajionyesha: kitambaa kinageuzwa, kiguu kinabadilishwa, pasi inaingia. Kisha narudi nyuma sekunde 1 au 2, ili anayetua apate pumzi moja ya kuona meza kabla maneno hayajaanza. Sekunde hizo mbili ni ndogo kuzitaja ila ndizo zinafanya sura ionekane imepangwa na mtu.

Na ukishazoea hilo, utaanza kurekodi tofauti. Mtu anayetua dakika ya 26 hakusikia ulichosema dakika ya 9. Zamani nilikuwa nasema "sasa chukua ule upande niliowaambia", na aliyeingia pale hana habari ni upande upi. Sasa kila ninapoanza kipande kipya nakaa kimya kidogo, nataja ninachokwenda kufanya kwa jina, na naonyesha kitambaa kimefika hali gani: "huu ni upande wa nyuma, umeshapigwa bandi, zipu haijaguswa". Inakula sekunde 5. Anayetazama mfululizo haimsumbui, aliyeruka inamwokoa. Tena ule ukimya mdogo unanisaidia wakati wa kuhariri, kwa sababu nauona kwenye mchoro wa sauti kama pengo, na najua pale ndipo sura inaanza. Kama nilichokwambia chote ni kingi, shika hili la kurekodi. Video iliyorekodiwa kama maji ya mto haigawanyiki vizuri hata ukiwa na orodha ya muda iliyonyooka namna gani.

Zisiwe nyingi pia. Baada ya kuona faida nikalewa, ile video ya dakika 47 nikaipa sura 23. Mstari wa chini ukawa kama tasbihi, na kidole hakiwezi kulenga punje moja bila kugusa jirani yake. Nimeishia 9. Sina kanuni ya hesabu. Najiuliza tu kama kuna mtu angeweza kuja kwenye video hii kwa ajili ya kipande hiki peke yake. Kama hayupo, kipande kinaungana na mwenzake.

Kuhusu zile sura zinazojitengeneza zenyewe: YouTube inaweza kuweka sura za moja kwa moja kwenye baadhi ya video, na ukiandika zako kwenye maelezo, zako ndizo zinazotumika. Ukipenda unaweza kuzizima kwenye mipangilio ya video. Mimi huzitazama kama rasimu ya mtu baki: zinanionyesha mgeni angeona mpaka wapi. Majina naweka mwenyewe, kwa sababu swali la mwanafunzi nimelisikia mimi.

Hofu yako ya muda wa kutazamwa. Ni kweli wataruka. Watairuka sana salamu yako, na hilo linauma kidogo. Nilikuwa na utangulizi wa dakika tatu, muziki, historia ya cherehani yangu, shukrani kwa kila mtu. Nilipofungua ule mchoro unaoonyesha watu wanabaki wapi na wanaondoka wapi, utangulizi ulikuwa bonde. Lakini bonde lilikuwepo hata kabla ya sura. Tofauti ni kwamba zamani waliokuwa wanaporomoka humo walikuwa wanaondoka kabisa, kwa sababu hawakujua zipu iko mbele. Asiyepata anachotafuta hatazami dakika 47 kwa adabu, anafunga anakwenda kwa fundi mwingine. Anayekipata anarudi kesho na kitambaa kipya. Kwangu utangulizi sasa ni sekunde 20, na sikumbuki kuna aliyeulizia historia ya cherehani.

Mchoro huo huo una kazi nyingine. Vilima vyake ni mahali watu wanarudia kutazama, na mara nyingi kilima kinakaa katikati ya sura uliyodhani ni moja. Kilima changu kikubwa kilikuwa dakika ya 29, pale ninapokutanisha mshono wa chini na mwisho wa zipu. Sikuwa nimeupa hata jina. Leo ni sura yake.

Kama unagawa video nje ya YouTube, kwa kifupi tu. Ukiwa na faili lako mwenyewe unaweza kuzipachika sura ndani ya MP4 au MKV (aina mbili za faili la video), na kichezeshi kama VLC kitazionyesha kwenye menyu. Kwa MKV kuna programu ya MKVToolNix yenye madirisha ya kubofya. Kwa MP4 natumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, na faili dogo la maandishi nililoliita sura.txt: mstari wa kwanza ;FFMETADATA1, kisha kwa kila sura unaandika [CHAPTER], TIMEBASE=1/1000, START= na END= kwa milisekunde, na title= jina. Dakika 26:30 ni 1590000. Halafu unaandika amri hii:

ffmpeg -i video.mp4 -i sura.txt -map_metadata 1 -map_chapters 1 -c copy mpya.mp4

Picha na sauti hazisindikwi upya, kwa hiyo inaisha haraka na ubora haupotei. Kwenye tovuti yako mwenyewe, sura zinaandikwa kwenye faili la WebVTT (maandishi yenye nyakati) na kuunganishwa kwa lebo ya HTML iitwayo track yenye kind="chapters", ila usitegemee kivinjari chenyewe kikuchoree menyu. Tumia kichezeshi chenye kitufe cha sura, kama Video.js.

Na kama huna muda wa lolote kati ya haya leo, mtu akikuuliza mtumie kiungo chenye muda ndani yake. Unaongeza t na idadi ya sekunde mwishoni mwa anwani, mfano t=1590, na video inafunguka palepale kwenye zipu. Kabla ya t inakuja alama ya kuuliza, au & kama alama ya kuuliza tayari ipo kwenye anwani.

Onyo moja kutoka kwenye aibu yangu. Andika sura mwisho kabisa, uhariri wote ukishakwisha. Kuna wakati nilikata sekunde 35 za mwanzo kwenye video iliyokwisha pakiwa, nikafurahi imekuwa safi. Maelezo ni maandishi tu, hayajui kwamba video imefupishwa. Sura zote zikachelewa sekunde 35, anayebofya "Zipu, upande wa kushoto" anakuta upande wa kushoto nimeshaufikisha nusu. Niliambiwa na mwanafunzi baada ya wiki mbili, kwa upole, "dada, leo naona unakimbia."

Ile hali ya kukata niliyoahidi: kata pale ambapo kipande kina watu wake ambao hawana shida na video nyingine yote. Kwenye somo la sketi nilikuwa na dakika 8 za kutia uzi kwenye bobini na kurekebisha mkazo wa uzi. Mwenye kushona gauni anaihitaji, mwenye kushona pazia anaihitaji, hata asiyeshona chochote bado ila cherehani imemgomea leo. Nikaitoa ikawa video peke yake, na kwenye zile ndefu naweka kiungo chake kwenye maelezo. Zipu ilibaki ndani ya sketi, kwa sababu zipu ya kuficha bila kujua bandi iliwekwaje ni kumwonea mtu.

Weka kiungo cha moja ya video zako hapa na orodha ya sura unazofikiria, nitaitazama bila sauti kwanza nikuambie mipaka naiona wapi.