Machinga wananitandazia mlangoni, nipige simu polisi?

SWALI: Shikamoo dada, mimi Mbongo niko Ugiriki, nauza kwenye duka la zawadi huku Hanioti, kijiji cha baharini kule Halkidiki. Sasa kila jioni jua likizama machinga wanatandaza mashuka palepale mlangoni, miwani, mikoba, saa feki, wengi ni ndugu zetu Wasenegali, na bosi anataka niwe nawapigia polisi simu, roho inaniuma kwelikweli. Ana haki?

JIBU: Marhaba mdogo wangu, pole. Bosi wako hana roho mbaya, msimu wenyewe wa watalii ni Mei mpaka Oktoba basi, humohumo atoe kodi ya pango, bima ya wafanyakazi na VAT asilimia 24, halafu mteja ananunua miwani hapo nje bila risiti, lazima aumie. Ila machinga naye, kuuza barabarani kule kunataka kibali na bila makaratasi ya ukaazi hapati, ndo maana shuka lina kamba pembe zote nne, polisi akitokea anavuta mara moja linakuwa furushi anakimbia. Akikamatwa, mzigo feki unachukuliwa na deni la mzigo huo linabaki palepale!

Mi nakwambia usipige. Nenda kawasalimie, asalaam aleikum kwanza maana wengi ni Waislamu, waombe wasogee upande wa bahari mlango ubaki wazi. Na bosi mwambie ukweli kwamba umeongea nao, akitaka bado kupiga simu apige mwenyewe, duka ni lake.